Mama na Nyumba ya Mizimu

Nikinusa grisi iliyochanganyika na chumvi ya bahari, mimi hurudi utotoni. Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya nyumba ya mizimu kwenye bustani ya michezo, ufukweni Durban, mwishoni mwa miaka ya tisini. Ilikuwa kuukuu: popo wa mpira, mafuvu yaliyobanduka rangi, na kigari cha watu wawili kilichopita gizani juu ya reli. Nilimsumbua Mama kuanzia mtaa wa Umbilo tulikoishi hadi mlangoni. Vita vya Bukavu, mji tulioukimbia, nilivipita nikiwa mgongoni mwake, sikukumbuka kitu.

"Mizimu ya plastiki?" alinicheka. "Twende, mutoto wangu. Utanishika mukono, eh?"

Ndani tulicheka kweli. Popo alipomgusa nywele, Mama akamsalimia kama mzee wa kwetu: "Jambo, papa." Kisha mlango wa bati ukajibamiza nyuma yetu, pa! pa! Mama akanikwapua kutoka kigarini, akanilaza sakafuni, akanifunika kwa mwili wake wote.

"Lala! Lala chini!"

"Mama, ni muchezo tu! Tuamuke!"

Hakunisikia. Mguu wake ulikuwa juu ya reli, na reli ilikuwa imeanza kutetemeka: kigari kingine kinakuja. Nikamvuta, nikamfinya. Hakusogea.

Kigari chetu kilipotoka kitupu, kijana aliyeendesha mashine alituita kutoka nje kwa Kizulu. Nikapayuka: "Mama amelala! Lala!" Sasa nikueleze, msomaji: kwa Kizulu pia, lala ni kulala usingizi. Akacheka.

"Ulele? Mvuse!" Yaani, amelala? Mwamshe!

Nikalia tu, kilio ambacho hakina Kizulu wala Kiswahili. Hapo ndipo kijana alipozima mashine na kuwasha taa. Kigari kile cha pili kilisimama karibu na goti la Mama, na watoto waliokuwamo wakapiga mayowe. Walidhani mizimu ni sisi.

Usiku ule Mama alinifunika shuka na kusema, "Funga macho," kama siku zote. Kitandani hakuwahi kuniambia nilale. Nilidhani ni mazoea yake tu.

Sasa nina binti. Juzi, Mama akiwa ametutembelea, nilimwambia mtoto, "Lala, mwanangu." Mama akainama ghafla, mkono juu ya kichwa cha mjukuu wake, macho mlangoni. Ndipo nilipoelewa kwamba neno hilo lilikuwa limemfanyia kazi moja tu, barabarani, akikwepa risasi, nami mgongoni.

Nikazima taa, nikarudia taratibu maneno ya Mama: "Funga macho."