Nishani Niliyoisugua

Mzee ninayemtunza hapa Woodbridge, ughaibuni, aliongoza nyambizi ya Wajerumani vitani, na nishani yake ya shaba naisugua mimi, kwa ndimu na chumvi. Harufu hiyo hunirudisha kwenye matanga ya baba. Baba naye alipigana vita vile vile, upande wa Waingereza, na nishani yake niliisugua hivi hivi kila Jumapili. Siku ya kugawa vitu vyake, baba mdogo aliitoa mkononi mwangu.

"Wewe binti, utaolewa," akaniambia. "Hii ni ya ukoo."

Akamvalisha mwanawe wa kiume pale pale. Mama alikuwepo, akaendelea kukunja nguo za baba, naye pia sijamsamehe.

"Nikifa, ataichukua binti yangu," mzee wa hapa Woodbridge huniambia kila ninapomrudishia nishani yake.

Binti mwenyewe hajaisugua hata siku moja.