Habari ya Ndege Kwenye Karatasi ya Vitumbua

Nikisikia mtu anasoma habari ya ndege kwa sauti, kama ulivyonisomea sasa hivi kwenye simu yako, mwanangu, naikumbuka Jumapili moja ya ujana wangu, na kidole changu cha mguu kinauma upya. Iweke hiyo simu chini kwanza. Haitakimbia.

Nilikuwa binti wa miaka kumi na minane, hapa hapa Kiwalani, nakaanga vitumbua mbele ya nyumba ya baba. Darasa la saba nimemaliza, kusoma najua, na mdomo ninao. We! Mdomo ule ulikuwaga haulali. Ndege zilipita juu ya mapaa yetu kwenda uwanjani, basi mie nikajiona mtaalamu. Nikisikia mlio tu nawaambia wateja hii inatoka Nairobi, hii imejaa wazungu, hii injini yake mbovu. Kupanda sijawahi, hata ngazi yake sijaigusa. Magari nayo hivyo hivyo. Serikali ilipokataza magari ya watu binafsi kutembea Jumapili mchana, ili kubana mafuta, nilipiga makofi: "Safi sana! Na wao wakanyage vumbi kama sie." Debe tupu haliachi kuvuma, na mie nilivuma kweli.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Somoe, mjane wa kutoka Lindi, muuza mihogo. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Hamisi, na Jumamosi ile Hamisi alipanda ndege kwenda Ulaya kusomea uhandisi kwa gharama ya serikali. Mtaa mzima ulijivuna. Mtoto wa muuza mihogo anasomeshwa kwa jasho la wakulima wa pamba na korosho, ili arudi atujengee madaraja! Tulimsindikiza kwa vigelegele, na mama yake alitembea katikati yetu kichwa juu kama bibi harusi.

Kesho yake mchana Baba Tatu, dereva wa lori huko bandarini Kurasini, alikuwa kwenye benchi langu anakunywa chai. Akasema kwa upole wake, "Mie bora ndege kuliko gari. Barabara ya kusini nimezika wenzangu wengi. Ndege kuanguka ni nadra."

Mie nikabisha. Nilitaka kushinda, basi. Nikachomoa karatasi kwenye rundo la magazeti niliyonunua sokoni ya kufungia vitumbua, nikatafuta mpaka nikapata, nikasoma kwa sauti ya mtangazaji: "Ndege iliyokuwa ikielekea Ulaya imeanguka. Abiria wote wamekufa." Nikamgeukia. "Haya, bado unabisha?"

Baba Tatu aliweka kikombe chini. Alikuwa anatazama nyuma yangu. Nikasikia sahani inaanguka.

Bi Somoe alikuwa amekuja kununua vitumbua. Hakupiga yowe. Alisema neno moja tu, "Hamisi?" halafu akageuka na kuanza kutembea kuelekea uwanja wa ndege. Khanga ilimdondoka mabegani, hakuiokota. Mwalimu mkuu, mwenye gari pekee la mtaa wetu, alitoka mbio na funguo mkononi, kisha akasimama. Ilikuwa Jumapili, saa tisa. Akazirudisha mfukoni, na mie nikayakumbuka makofi yangu.

Nilimkimbilia peku, khanga yake mkononi. "Mama, subiri! Gazeti lenyewe sijui la lini!" Hakunisikia, au alinisikia na miguu ikakataa kusimama. Njiani nilijikwaa kwenye jiwe, ukucha ukang'oka wote. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mie siku ile nilijikwaa vyote viwili.

Uwanjani karani alitusikiliza, akaingia ndani kupiga simu, akatuacha tumesimama. Ewe Mola wangu, kusubiri kule! Aliporudi alikuwa anatabasamu. "Ndege ya jana imefika salama, mama. Nani kakwambia imeanguka?"

Bi Somoe akanitazama. Nikajua sasa naumbuka mbele za watu. Akasema, "Hakuna, baba. Niliota vibaya."

Wakati wa kurudi alitangulia mbele mpaka tulipokaribia nyumbani. Akaketi kando ya njia, akachana upindo wa khanga yake, akanifunga kidole. Ndipo akasema, "Binti, mie sijui kusoma. Mkisoma nyie, naamini. Macho yako ndiyo macho yangu, na leo umeyatia mchanga."

Nililia, mwanangu. Nilitaka kumwangukia miguuni, akanizuia. "Sitaki uniombe radhi. Kesho alasiri njoo kwangu na chaki. Unanifundisha."

Zama zile madarasa ya watu wazima yalikuwa kila mahali, lakini yeye alisema deni langu nilipe mwenyewe. Nikamfundisha. Kitabu chetu kilikuwa karatasi zile zile za vitumbua. Vidole vyake vilizoea panga la mihogo, chaki zilikatika kila siku, na akikosea ananigombeza mie.

Siku barua ya Hamisi ilipofika alikataa nimsomee. Aliileta kwenye benchi langu, mbele ya Baba Tatu na mwalimu mkuu na mtaa mzima, akaweka kidole juu kabisa, pembeni. "Kwanza tarehe," akasema, akinitupia jicho. Akaisoma yote, herufi kwa herufi, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Chai ilipoa vikombeni. Nimezaa, nimeozesha, nimepata wajukuu, lakini fahari niliyoiona alasiri ile sijaiona tena.

Kuwa na maoni si dhambi, mwanangu. Ongea kuhusu ndege, ongea kuhusu magari, hata serikali. Sie nchi hii tuliijenga tukibishana. Lakini habari usiifanye rungu la kushindia ubishi. Kabla hujaisoma kwa sauti, jua ni ya lini, jua kasema nani, na geuka utazame nani kasimama nyuma yako na sahani. Usilolijua, sema sijui. Hakuna aliyeng'oka ukucha kwa kusema sijui.

Mungu akujalie ulimi wenye huruma, na kila unayemsindikiza amfikishe salama. Amina.

Haya, chukua simu yako. Ile ndege uliyonisomea, imeanguka lini?