Ngoma Niliyosahau Kumweleza Mgeni

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na rungu la kuazima na koti la mvua la shemeji yangu, nikakabidhiwa ghala la kokoa pale Ipinda. Nilikuwa nimeishia darasa la saba. Karani Mkuu wa ghala, mtu mfupi kutoka Singida aliyevaa kandambili na soksi, alinizungusha nje mara moja kisha akaniuliza, "Umeona nini?"

"Magunia, mzee."

"Rudi ukaangalie tena."

Nikarudi. Mara ya tatu ndipo nilipoliona bati lililolegea upande wa nyuma, mahali panapoweza kupita mkono wa mtu mzima. Akacheka. "Haya, sasa umeanza kazi. Hapo ndipo lindo lako." Lindo ni ile sehemu mlinzi anayopewa ailinde, na mlinzi haachi lindo. Kukitokea jambo anapuliza filimbi, watu waje kwake, si yeye awafuate watu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza niliyofundishwa, na ndiyo niliyoivunja baadaye.

Niliipenda ile kazi, jamani! Wenzangu walinihurumia kwa kukosa usingizi, nami nilikuwa nawahurumia wao. Saa tano mashine za kukoboa mpunga zimenyamaza, vyura wameanza, harufu ya kokoa inayokaushwa imetanda hadi barabarani, na mimi peke yangu ndiye ninayejua kila kinachopita. Nilikuwa natembea doria kifua mbele kama mwenye ghala.

Baada ya miaka kadhaa nikapata kazi Kyela mjini, nyumba ya wageni moja kule Bondeni. Meneja alikuwa mama mmoja mzaliwa wa Tabora, mrefu, mpole wa sauti na mkali wa macho. Tulimwita Mama Meneja, hata wenye umri wa kumzaa. Alinipa tochi, filimbi na daftari gumu. Daftari lile ni kitabu cha matukio: kila kinachotokea usiku mlinzi anakiandika, na asubuhi meneja anasoma kabla hajanywa chai.

"Ulikuwa unalinda nini Ipinda?" aliniuliza.

"Kokoa, mama."

"Gunia haliogopi. Mgeni anaogopa. Kwa hiyo hapa una kazi mbili."

Alisema kweli. Basi la kutoka mbali linaingia giza limeshashika, mgeni anashuka na begi, anazungukwa na bodaboda sita zinazomwita kwa mpigo, na akifika getini swali lake ni lile lile: "Kaka, hapa usiku pako salama?"

Nilikuwa na jibu langu. Nilimwambia apite barabara kubwa, simu asiitoe njiani, bodaboda achukue yule wa pale kona ambaye namfahamu, na zaidi ya yote: "Ukisikia ngoma na watu wanapiga kelele mbele yako, usipite hapo. Geuza njia." Nilimaanisha baa. Sitawadanganya, wezi wapo Kyela kama walivyo popote, na wengi wao hawatoki gizani. Wanakaa karibu na muziki wa baa, wanasubiri aliyelewa. Ushauri ule uliwasaidia wageni wengi, nami nilikuwa najivunia.

Sasa nifike kwenye usiku wenyewe. Ulikuwa msimu wa masika, mashamba ya mpunga nyuma ya Bondeni yamejaa maji, na mto umepanda hadi umeanza kumega njia. Akaja dada mmoja wa ushungi, muuguzi kutoka Lindi, amehamishiwa kituo cha afya kule ufukweni mwa ziwa na gari lake ni la kesho. Katika kitabu cha wageni alijiandika Salma. Saa tatu akataka kutoka kununua chakula. Akaniuliza swali lile, nikampa jibu langu lote bila kuruka neno. "Nusu saa nitakuwa nimerudi," akasema.

Hajamaliza dakika kumi, kilio kikalipuka mtaa wa pili. Kulikuwa na mzee aliyefia hospitali Mbeya, na mke wangu Atupele alikuwa ameniletea chakula jioni ile akaniambia, "Leo wanamleta nyumbani." Nilijua. Ngoma za kilio zikaanza, wanawake wakapaza sauti, wanaume wakawasha moto. Na mimi, mlinzi hodari, nilifanya nini? Nilikaa kwenye kiti changu nikatulia. Kwetu Wanyakyusa usiku wa kilio ndio usiku usio na mwizi. Mtaa mzima uko macho, moto unawaka, kila mtu anamwona kila mtu. Sauti ile ilinipa amani, kama mvua inavyompa amani aliyelala ndani. Haikuniingia akilini kwamba mgeni wangu alikuwa anaisikia pia.

Saa ikapita. Nikatoka hadi kona kumuuliza Ambokile, yule bodaboda wangu.

"Yule dada wa ushungi? Alikuwa anakuja huku, ngoma zilipoanza akageuka ghafla, kakata uchochoro wa kwenda mpungani. Nikamwita, akaanza kukimbia."

"Ulimwitaje?"

"Nilimmulika taa, nikapiga honi, nikamwambia, 'We dada, simama hapo hapo!'"

"Ambokile! Hata mimi ningekimbia!"

Salma alikuwa amenitii. Neno langu ndilo lililomgeuza kutoka penye watu mia, likampeleka penye maji, na mbele ya yale maji ni mto. Niliitazama filimbi. Ningepuliza nani aje, na ngoma zile? Nikamwamsha mnunuzi wa kokoa aliyekuwa chumba cha kwanza, nikamkabidhi ufunguo wa geti, nikaacha lindo. Nilikimbia!

Msibani nilisimama karibu na moto nikasema kwa sauti yote niliyokuwa nayo kwamba nimempoteza mgeni. Wanaume wakainuka kama mtu mmoja. Tochi, fimbo, mapanga, wengine tayari wanapiga mbinja. Tukaelekea mpungani kwa vishindo.

Atupele akainuka kati ya wanawake wa msibani, akatukatia njia, kanga kiunoni, mikono ameitandaza.

"Mnakwenda wapi?"

"Kumtafuta mgeni."

"Na mapanga? Dada wa watu anakimbia wanaume na kelele, ninyi mnampelekea wanaume arobaini na kelele? Mnataka avuke mto?"

Mzee mmoja akakohoa, akaficha panga nyuma ya mguu.

Atupele akarudi hadi kwa binti mkubwa wa marehemu, aliyekuwa amekaa chini karibu na jeneza, akachuchumaa, akamwambia kitu kwa sauti ndogo. Wasiotoka kwetu nawaomba waelewe uzito wa jambo hili. Ngoma ya kilio ndiyo heshima ya mwisho ya marehemu. Kuomba inyamazishwe ni kama kuomba mtu afunikwe kwa nusu ya sanda. Yule binti alimtazama, akatutazama sisi, akasema, "Baba hakuwahi kula peke yake kama kuna mgeni njiani. Nyamazisheni."

Ngoma zikanyamaza. Na vilio vikanyamaza. Sijawahi kusikia Bondeni kukiwa kimya namna ile, sio kabla wala baada.

Wakaenda wanawake peke yao, kama kumi hivi. Sisi tuliambiwa tukae chini, tukakaa. Nilikuwa nimempa Atupele lile jina kutoka kitabu cha wageni. Na hapa ndipo nilipoona jambo ambalo hakuna mkuu wangu yeyote aliyewahi kunifundisha: hawakumulika mbele. Kila mmoja alishika tochi chini ya kidevu akajimulika usoni mwenyewe. Kutoka pale tulipokaa tuliona nyuso zikielea juu ya mpunga, na sauti ya mke wangu ikienda taratibu: "Salma. Dada Salma. Ni sisi wanawake, tutazame. Tuko msibani hapa. Salma."

Vyura tu. Nilikuwa naomba Mungu kwa Kinyakyusa na Kiswahili.

"Salma, mdogo wangu. Ni msiba tu."

Ndipo ikatoka sauti mbali, chini, upande wa mto kabisa, inatetemeka kwa baridi na hasira: "Msiba gani una ngoma?"

"Msiba wa Kyela!" Atupele akajibu. "Toka majini uje uone!"

Jamani, tulicheka! Msibani, mbele ya jeneza, wazee kwa vijana, hata yule binti wa marehemu alicheka huku akifuta machozi. Wakamtoa maji yamemfika kiunoni, amekumbatia shina la mgomba uliong'olewa na mafuriko, kiatu kimoja hana. Hatua chache mbele yake njia ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na mto. Ngoma zikaanza upya, safari hii kwa nguvu mara mbili.

Salma alikataa kurudi chumbani. Alilala msibani, katikati ya wanawake, kwenye mkeka.

Mimi nilirudi getini nikaandika kwenye kitabu cha matukio: "Nilimwelekeza mgeni vibaya. Nilijua kuna msiba, sikumwambia. Niliacha lindo." Ningeweza kuandika vingine. Mnunuzi wa kokoa mwenyewe alinishauri, "Andika alipotea, basi." Lakini mto ulikuwa bado unanguruma masikioni mwangu.

Asubuhi Mama Meneja alisoma akiwa amesimama.

"Umeacha lindo."

"Ndiyo, mama."

"Na ulijua kuna msiba."

"Nilijua."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Kwa sababu mimi ngoma ile hainitishi."

Alifunga daftari. Alinitoa getini mwezi mzima, nikawa nafyeka nyasi mchana, wapita njia wakinitania, "Mlinzi, leo unalinda jua?" Nilistahili. Lakini jioni ile ile aliongeza swali katika makabidhiano ya lindo, pale mlinzi wa mchana anapompokeza wa usiku. Kabla ya funguo, kabla ya idadi ya wageni, unauliza: "Msiba uko wapi leo?" Na kila mgeni anaambiwa: ile ngoma ni ya kilio, ukipotea nenda huko huko.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa hoteli moja ya ufukweni, chini ya Mkuu wa Ulinzi, askari mstaafu tuliyemwita Afande. Huko hofu ni nyingine. Mgeni anaogopa watu, wakati anayepaswa kumwogopa ni mamba wa kwenye mlango wa mto. Nilipomweleza Afande habari ya kujimulika usoni, alisema, "Jeshini ungepigwa risasi." Kesho yake nikamkuta anawafundisha walinzi wapya, kana kwamba ameibuni yeye. Sikumsahihisha. Nilienda kumwambia Atupele, tukacheka hadi jirani akagonga ukuta.

Atupele tumemzika mwaka huu. Nimestaafu, nyumba ni kubwa kuliko ilivyokuwa, na usiku bado niko macho kwa mazoea. Namba yangu ya simu wageni wa zamani wamepeana wao kwa wao, sijui kwa nini. Wananipigia kutoka ndani ya basi, wengine sijawahi kuwaona. "Mzee, Kyela usiku pako salama?"

Siku hizi silijibu swali hilo. Nawauliza basi liko wapi, na linafika saa ngapi. Kisha natafuta viatu vyangu.