Kitabu Kilichong'oa Mpaka

Nakumbuka mchana ule pale kwetu Masama, na waliokuwepo nitawataja, maana habari isiyo na majina ni porojo. Alikuwepo mama mkwe wangu, Ndeshukurwa. Walikuwepo wanawe wawili: mume wangu Anaeli, na mdogo wake Elifuraha, ambaye kihamba chake, yaani shamba la migomba la urithi, kimepakana na chetu. Alikuwepo Aikande, mke wa Elifuraha. Na mimi, Mama Eliamini, nimesimama katikati yao na jembe mkononi, udongo hadi magotini, najiona nimeshinda vita.

Mwanangu, umeniuliza kama vitabu vya viongozi wa dini vinafaa kununuliwa, maana umeviona vimepangwa pale stendi ya Moshi, kila kimoja na picha ya mwenyewe akitabasamu. Nitakujibu. Ila ngoja kwanza nikwambie nilichokuwa nimeng'oa.

Wiki ile nilikuwa nimeshuka mjini kumsikiliza mhubiri mgeni. Shule mimi niliishia darasa la nne, lakini kusoma najua, polepole, kwa kidole. Mahubiri yalipokwisha wakapitisha kitabu chake, jalada linang'aa kama sufuria mpya. Nikanunua. Nyumbani nikafungua, nikakuta kimeandikwa: ng'oa shambani kwako kila mmea wa mizimu, na baraka zitaingia. Nikawaza, kwetu mmea wa mizimu ni upi? Si isale! Wazee wa zamani walilitumia kwenye matambiko. Basi nikang'oa yote, kuanzia barabarani hadi kwenye mfereji, nikayatupa korongoni.

Wewe umekulia mjini, labda hujui. Masale ni mimea ya majani marefu, na kwetu Wachagga mstari wake ndio unaosema hapa kwangu, hapa kwako. Hakuna karatasi. Ni masale tu.

"Shemeji, umefanya nini?" Elifuraha akauliza.

"Nimeondoa mizimu."

"Mizimu gani? Umeondoa mpaka! Huo mgomba wa mwisho ni wangu."

"Wako tangu lini?" Anaeli akadakia.

Mwanangu, watu walionyonya titi moja wakashika mapanga. Aikande akanipigia kelele, "Haya, kiulize hicho kitabu chako mgomba ni wa nani!"

Ndipo mama mkwe akaja na mkongojo wake, hana haraka. Hakuwatazama wanawe. Alinitazama mimi.

"Mama Eliamini, aliyekiandika hicho ni mtu wa wapi?"

"Wa mbali, mama."

"Amewahi kufika hapa?"

"Hajafika."

"Basi amejuaje kihamba cha marehemu baba mkwe wako kinaishia wapi?"

Akawageukia wanawe, "Wekeni hayo chini. Mnataka nizikwe na wauaji?" Wakaweka. Lakini siku nane hawakusalimiana. Kanisani huyu alipita mlango wa mbele, yule wa pembeni, na mama yao katikati ya benchi peke yake, kama mgumba. Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Mimi nilishindwa hata kulima, maana jembe ndilo lililoleta ugomvi.

Siku ya nane mama mkwe akaniambia, "Nenda kanunue kitabu cha Ndewario."

Mchungaji Ndewario alikuwa mstaafu, jirani yetu wa juu. Alikuwa na kijitabu chake kilichopigwa taipu, kimebanwa kwa pini mbili, kikiuzwa mlangoni mwa kanisa. Nilikuwa nikikicheka. Mtu ambaye kuku wake wanamaliza mchicha wangu, ataniambia nini?

"Huyo namjua," mama mkwe akasema. "Aligombana na kaka yake, akarudi kumwomba radhi mbele yetu sote. Alichoandika amekipitia."

Nikanunua. Nikasoma kwa kidole: ukienda kuomba radhi, neno "lakini" liache nyumbani. Nikafunga kitabu. Ilinitosha.

Kwetu radhi huombwa kwa jani la isale, na anayeletewa hawezi kukataa. Nami nilikuwa sina hata moja! Ikabidi niende kwa Aikande, aliyekuwa na shina moja nyuma ya zizi.

"Aikande, naomba jani."

"La nini?"

"La kuja kukuombeni radhi."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Yaani uazime kwangu, uniletee mimi mwenyewe?" Akalikata, akanipa. Nikamshikisha Elifuraha jani mkononi, nikasema nimekosa. Ile "lakini" ilinijia ulimini mara tatu, nikaimeza. Kesho yake mama mkwe alitembea mpaka wote na mkongojo, akichoma udongo, na wanawe nyuma yake wakipanda vipande vipya vya isale.

Basi mwanangu, nunua. Nakwambia bila kusita, vitabu hivyo vinafaa, na kizuri chajiuza. Ila usinunue jalada. Uliza waliokaa na mwandishi jinsi anavyoishi na jirani zake. Kisha fungua, soma ukurasa mmoja palepale umesimama. Ukikutuma ukarekebishe kosa lako mwenyewe, lipa uende nacho. Ukikutafutia adui ndani ya ukoo wenu, kirudishe mezani, awe amekiandika askofu au shehe. Na kabla hujashika jembe kwa sababu ya kitabu, waulize wazee wa nyumba yako.

Mungu akupe macho ya kusoma na moyo wa kuuliza, na kihamba chenu kisikose watu wanaosalimiana asubuhi.

Wa Masama mkisoma hapa, nami nimekosea jina au mahali, nisahihisheni. Tuliobaki ni mimi na Aikande tu, naye anashikilia kwamba siku zilikuwa kumi na mbili.