Hodi Kwenye Stesheni Isiyo na Mwenyewe

Usiku ule nililala na soksi na sweta la kazini, mwili mzima unauma. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, huku milimani Japani. Kutwa nawageuza wazazi wa watu kitandani, nawaogesha, nawalisha. Bosi alitaka jibu asubuhi: naongeza mkataba wa miaka mitatu, au narudi Tanga? Mama yangu yuko kule na mdogo wangu, na kila nikipiga simu ananihimiza nibaki, yeye hajambo kabisa. Nilishaamua kubaki. Hata kula sikula, nikaanguka kitandani.

Nikajiona niko stesheni, ile ninayopandia treni kila siku. Stesheni yenyewe kijibanda cha mbao tu, na benchi lenye vijimto vya kufuma ambavyo mabibi wa kijiji wameweka ili abiria wasikalie baridi. Mfanyakazi hata mmoja hakuna. Nauli unamlipa dereva. Nimekaa, theluji inaanguka, na sijui kwa nini miguu yangu imo ndani ya beseni la maji ya moto.

"Hodi!"

Ilikuwa sauti ya Bibi Mwanakombo, mama yake mama, aliyenilea. Alifariki mimi nikiwa huku huku, sikumzika. Amesimama nje kwenye theluji, kajitanda kanga, miguu mitupu, na mlango uko wazi!

"Hodi wenyewe!"

Jamani, Bibi! Stesheni haina mwenyewe, nani atakuitikia? Lakini huyu haingii pahala bila kukaribishwa, hata choo cha hospitali alikuwa akikipigia hodi. Najaribu kusema karibu. Mdomo unafunguka, sauti haitoki. Mara stesheni imekuwa uani kwetu Tanga, reli zimepita katikati ya jiko, na Bibi bado yuko nje.

"Kumbe na wewe mgeni," akasema. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe wamekupa, nakuona ulivyokondeana. Lakini neno 'karibu' huna la kumpa mtu."

Nikalia. Nalia kwa uchovu, jamani, huzuni ilikuja baadaye. Nikampungia mkono aingie, baridi itamuua.

Akacheka, yule bibi! "Itaniua mara ngapi?"

Treni ikaja, behewa moja tu, tupu. Bibi akapiga hodi ya tatu, akangoja kidogo. Hakuitikiwa, akageuka kwenda zake kama ilivyo ada. Mguu mmoja umeshaingia ndani ya treni, akanitazama.

"Mimi ulinichelewa, nimekusamehe. Mama yako usimchelewe."

Nikaamka mto umelowa. Sikungoja kupambazuke, nikapiga simu nyumbani. Kule watu walikuwa hawajalala. Mama alipokea mwenyewe.

"Mama, mkataba sitii saini. Nakuja."

Nikangoja anikatalie kama kawaida yake.

"Njoo, mwanangu," akasema. "Mkono wa kulia haushiki kitu tangu mfungo. Nilimkataza mdogo wako asikwambie."