Kikwembe cha Katungu kwenye blogu

Mujukuu wangu Généreuse alikuwa mushonaji kule Mabanga, mutaa wa Goma, lakini cherehani ilimuona nusu siku tu. Nusu ingine aliandika blogu ya watu waliopotezana na ndugu zao katika vita. Anapandisha picha ya muzee, ya mutoto, na mutu aliye Butembo analia: huyu ni wetu! Mimi nasema alikusanya watu wengi kuliko tarumbeta ya siku ya mwisho. Nimetia chumvi kidogo. Sombe bila chumvi nani atakula?

Katika chumba chetu cha nyuma tulimuficha mama Katungu. Aliwaona kwa macho watu waliomuua jirani yake huko Rutshuru, nao walikuwa wanamutafuta. Binti yake Élodie alikimbilia upande mwingine, hakujua kama mama ni muzima. Kuonyesha sura haikuwezekana. Généreuse akapiga picha ya kikwembe tu, kile jamaa yote ilichovaa sare kwenye ndoa ya Élodie. Binti atakijua, muuaji ataona nguo tu.

"Ndizi kijani na ndege wekundu," Katungu akasema. "Ubaya huu alichagua baba mukwe wa Élodie. Hakuna mwingine."

Généreuse alikuwa na programu mbili za kuandikia blogu. Ile ya zamani hupokea picha moja moja, inazikondesha, na rezo, ule mutandao, ikikatika unaanza upya. Ile mpya alikuwa anaijaribu: unatupa picha kumi pamoja, zinaingia nzima, na rezo ikirudi zinaendelea pale zilipofikia. Siku ile rezo ilitambaa. Akatumia ile mpya.

Kesho yake muchana akalinganisha picha za programu zote mbili, apate kuamua. Akafinya picha ya zamani: picha tu. Akafinya kikwembe: ikafunguka ramani ya Goma, alama nyekundu imesimama juu ya bati letu.

"Koko," akasema, "picha imeingia na mahali ilipopigwa."

"Iondoe!"

"Nafinya. Rezo imekatika sasa hivi."

"Finya kwa nguvu!"

"Koko, hii si unga wa fufu!"

Katungu alikuwa amesimama nyuma yetu. "Imekaa huko tangu lini?"

"Tangu jana, mama."

Akaketi chini. Nikamwambia wakija nitasema Katungu ni mimi, meno yalianguka njiani. Hakuna aliyecheka. Hata mimi.

Mulango ukagongwa, pole pole. Wauaji hawagongi pole pole, nikajipa moyo. Kisha nikakumbuka: wale wa Rutshuru walianza kwa kuomba maji.

"Ni nani?"

"Mama, natafuta mwenye kikwembe." Sauti ya mwanamke. Hata wanawake wanatumwa, nikawaza.

Lakini Katungu alinisukuma pembeni, akafungua mwenyewe. Élodie! Wakashikana mpaka nikaogopa mbavu zitavunjika.

"Nilifuata alama tu," Élodie alicheka katika machozi. "Imenifikisha hapa mulangoni. Sikuuliza mutu hata mumoja."

Katungu akamwachilia. Furaha ikatoka usoni kama maji kwenye kitunga.

"Basi nao hawatauliza," akasema. "Tuondoke."

Wakapita uzio wa nyuma, hata maji ya kunywa Élodie hakupata. Sisi tukabeba cherehani na ordinatere ya kuandikia blogu, tukafuata. Jioni rezo ilirudi, Généreuse akaiondoa picha. Nani aliiona mbele ya hapo, hatujui.

Amebaki na programu ya zamani, picha moja moja. Anashona mutaa mwingine. Nimewadanganya mengi maishani, lakini jina la mutaa huo siwaambii, la uongo wala la kweli.