Spoki Niliyoitia Sikioni

Nakumbuka siku moja ya miaka ya tisini, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka harusi yangu. Nilikuwa kijana pale Kisegi, kando ya ziwa, nikibeba samaki kwa baiskeli. Asubuhi hiyo wadudu wa ziwani walitanda kama moshi, na mmoja akaniingia sikio la kushoto. Alipiga mabawa humo hadi nikadhani kichwa kitapasuka. Wenzangu walisema nitie mafuta ya kupikia, ningoje. Mimi na haraka zangu nikachukua spoki ya gurudumu la baiskeli, nikachokoa.

Mdudu alinyamaza, dunia ikaanza kuzunguka. Nilitapika. Nilishika ardhi kwa mikono miwili nisianguke, na tayari nilikuwa nimekaa chini.

Wenzangu wakanipeleka zahanati. Daktari, mama mmoja wa Kehancha, alinichungulia kwa tochi. Hakunionea huruma.

"Umetoboa ngoma ya sikio. Nyuma yake kuna vifupa vitatu, vidogo kama punje za mchele. Ndani zaidi kuna kitu kimejiviringa kama konokono, kimejaa maji. Hicho ndicho kinasikia. Kando yake kuna vijipete vitatu vya maji, vinakuambia kama umesimama ama unaanguka. Maji yako yanavuja. Lala wiki mbili, baiskeli usiguse, ama hilo sikio litakufa."

Nililala siku nne. Ya tano nilijiona mzima, nikampakia binti yangu Akinyi, wa miaka minne, kwenye baiskeli, nimpeleke kwa nyanyake.

"Baba Akinyi, si daktari alisema wiki mbili?" mke wangu aliuliza. Nikacheka tu.

Kwenye mteremko kizunguzungu kilirudi, nikaona barabara imeinuka upande mmoja. Nilisikia honi ya lori, lakini kwa sikio moja sikujua inatoka wapi. Nikakata kona kuelekea lori lenyewe. Dereva alikanyaga breki, sisi tukaishia mtaroni. Niliogopa vibaya sana.

Wahenga husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilivunja mkono wa mtoto.

Yule daktari alimfunga Akinyi mkono kwanza, kisha akanigeukia. "Sikio ni lako," alisema. "Huu mkono ni wa nani?"

Sikio halikurudi. Siku hizi Akinyi ni mama wa watoto, na tukitembea hukaa upande wangu wa kulia. Hatujawahi kulizungumza.

Basi, mwanangu, usichokoe usipopaona, na ukiambiwa tulia, tulia hata ukijiona umepona. Mungu akulindie masikio yote mawili, pamoja na wote unaowapakia nyuma yako.